Kilima cha Nyumbani na Jukwaa la Taifa: Viongozi wa Vyama Burundi, kutoka Gitega hadi Muyinga

Mbunge wa Burundi hana jimbo kwa maana ambayo Mtanzania au Mkenya ameizoea. Freeman Mbowe alipokuwa mwenyekiti wa CHADEMA alikuwa pia mbunge wa Hai, na mwaka 2020 alipokosa kiti hicho ilikuwa habari ya nchi nzima. Zitto Kabwe wa ACT-Wazalendo aliwakilisha Kigoma Mjini, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wa Burundi, naye akaangushwa mwaka huohuo. Raila Odinga alikuwa mbunge wa Lang'ata kuanzia 1992 hadi 2013, huku akizunguka Kenya yote kutafuta urais. Viongozi hao walikuwa na watu wao mahususi wa kuwarudia, na kama hawakuwarudia waliulizwa. Burundi imepangwa kwa namna nyingine, na kwa sababu hiyo swali la namna kiongozi wa chama anavyogawa muda wake kati ya taifa na nyumbani lina jibu tofauti huko.

Katika uchaguzi wa Baraza la Taifa la Burundi, jimbo ni mkoa mzima. Kila chama hupeleka kwa tume ya uchaguzi, CENI, orodha ya majina iliyopangwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Mpiga kura huchagua chama. Hawezi kumpandisha aliye chini wala kumshusha aliye juu. Viti hugawanywa kwa uwiano wa kura, kwa hiyo anayeshika nafasi ya kwanza au ya pili katika orodha ya chama kikubwa anaweza kuanza kushona suti kabla ya kampeni kuanza, na anayeshika nafasi ya mwisho anajua kuwa amewekwa kujaza karatasi. Chama ambacho hakikupata asilimia 2 ya kura za nchi nzima hakipati kiti hata kama kimefanya vizuri katika mkoa mmoja. Mgombea binafsi ana mlima mrefu zaidi: anahitaji asilimia 40 ya kura za mkoa wake.

Mpango huu ulitokana na Mkataba wa Arusha wa Agosti 28, 2000, na Katiba ya 2005 iliyoufuata. Nchi ilikuwa imetoka katika vita, na lengo lilikuwa kuhakikisha hakuna kundi linalofungiwa nje ya Bunge. Ndiyo maana katika kila majina matatu yanayofuatana katika orodha, wawili tu ndio wanaoruhusiwa kuwa wa kabila moja. Baraza la Taifa linatakiwa kuwa na Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, na wanawake wasiopungua asilimia 30. Watwa hupewa viti vitatu. Kura zikishahesabiwa na uwiano huo usipatikane, wabunge wa nyongeza huteuliwa kutoka katika orodha za vyama. Ni mpango uliotuliza mengi. Lakini ulileta jambo ambalo halikuzungumzwa sana kule Arusha: uliikata kamba kati ya mbunge na kijiji, ukaifunga kati ya mbunge na makao makuu ya chama.

Nguvu ya kamba hiyo ilionekana mwaka 2008. Hussein Radjabu alikuwa mwenyekiti wa CNDD-FDD wakati chama hicho, kilichotoka msituni, kiliposhinda uchaguzi wa 2005. Hakuwa na wadhifa serikalini, lakini watu wengi walimwona kuwa ndiye mwenye serikali. Februari 2007 mkutano mkuu wa chama ulimwondoa, na miezi miwili baadaye akakamatwa. Wabunge waliokuwa upande wake walisusia, na chama tawala kikapoteza wingi wake bungeni. Kwa muda mrefu Bunge halikuweza kufanya kazi. Suluhisho lilipatikana mahakamani. Juni 2008 Mahakama ya Katiba iliruhusu CNDD-FDD kuwaondoa wabunge 22 waliotengana nacho na kuwaweka wengine mahali pao. Hoja ilikuwa kwamba walichaguliwa kwa jina la chama, na chama kilikuwa kimewakana. Hakuna mpiga kura wa mkoa wowote aliyeulizwa. Tangu hapo kila mbunge wa Burundi anajua ni nani hasa wa kumwogopa.

Kwa mantiki hiyo mtu angetegemea kuwa viongozi wa vyama wangesahau kwao kabisa. Imekuwa kinyume. Sheria haiwapi jimbo la kulinda, lakini mila inawapa kilima, na kilima kina nguvu kuliko jimbo. Burundi ina miji michache. Watu wengi wanaishi katika kaya zilizotawanyika juu ya vilima, na kilima ndicho ngazi ya chini kabisa ya utawala. Juu yake kuna zoni, kisha tarafa, ambayo Warundi huiita komuni, kisha mkoa. Mtu akiulizwa anatoka wapi, hutaja kilima. Siku ya kura ndiyo inayoonyesha jambo hilo wazi zaidi. Mei 20, 2020, Évariste Ndayishimiye, mgombea aliyeshinda urais, alipiga kura katika shule ya Bubu, tarafa ya Giheta, mkoani Gitega. Mtangulizi wake, Pierre Nkurunziza, alikuwa na desturi ya kupiga kura Buye, tarafa ya Mwumba, mkoani Ngozi. Kigogo wa Burundi ambaye siku hiyo anapanga foleni katika shule ya mjini Bujumbura huleta maswali.

Giheta inafaa kutazamwa kwa karibu. Ndayishimiye alizaliwa huko mwaka 1968. Hakupanda kwa njia ya ubunge: alitoka msituni, akapitia jeshi, akawa Waziri wa Mambo ya Ndani mwaka 2006, akafanya kazi katika ofisi ya rais, na mwaka 2016 akawa katibu mkuu wa CNDD-FDD. Katika miaka hiyo minne ya ukatibu mkuu alizunguka mikoa yote. Hata hivyo Bubu haikuachwa. Ana makazi na mashamba huko, na baada ya kuwa rais kilima hicho kimekuwa mahali pa kupokea wageni na pa kuonyesha kilimo anachohimiza nchini kote. Katika Giheta hiyohiyo ndipo ilipo Gishora, patakatifu pa ngoma za kifalme. Uchezaji wa ngoma hizo uliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Kwa hiyo mwanasiasa wa Giheta anaporudi nyumbani, anarudi pia katika moyo wa historia ya ufalme. Hiyo ni bahati ambayo mwanasiasa wa Muyinga hana.

Lakini kilima cha mkubwa huwatia wengine hofu, na hofu hiyo ina historia yake. Kuanzia 1966 hadi 1993 Burundi iliongozwa na maofisa watatu wa jeshi, Michel Micombero, Jean-Baptiste Bagaza na Pierre Buyoya, na wote watatu walitoka tarafa moja, Rutovu, katika mkoa wa Bururi. Buyoya alirudi tena madarakani kwa mapinduzi ya Julai 1996. Warundi wa mikoa mingine, Wahutu kwa Watutsi, walizoea kuhesabu ni maofisa wangapi, wakurugenzi wangapi na wanafunzi wangapi waliopelekwa ng'ambo walitoka Bururi. Katiba inajibu kumbukumbu hiyo. Inataka vyama viwe wazi kwa Warundi wote, na sura ya kitaifa ionekane katika uongozi wake. Inakataza vyama kuhubiri ubaguzi wa kabila, mkoa, dini au jinsia. Kiongozi wa chama anabeba basi mizigo miwili inayovutana: watu wa kwao wanamtaka awe wao, na sheria pamoja na historia zinamtaka asionekane kuwa wa kwao.

Mvutano huo ni wa zamani kuliko jamhuri yenyewe. Prince Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa, alizaliwa Gitega mwaka 1932. Angeweza kujenga chama chake, UPRONA, juu ya heshima ya ikulu ya baba yake tu. Badala yake alianza na wafanyabiashara na vyama vya ushirika mjini Usumbura, Bujumbura ya leo, akapata wafuasi miongoni mwa Waswahili wa mtaa wa Buyenzi, akajifunza kwa Nyerere na TANU namna ya kufika vijijini. Wapinzani wake wakuu, chama cha PDC, waliongozwa na Joseph Biroli na Jean-Baptiste Ntidendereza, watoto wa Pierre Baranyanka, chifu mashuhuri wa upande wa Kayanza. Mwishoni mwa 1960, wakati wa uchaguzi wa tarafa, Wabelgiji walimweka Rwagasore kizuizini Bururi, na PDC wakatamba. Alipokuwa huru tena alizunguka nchi nzima, na katika uchaguzi wa Septemba 18, 1961 UPRONA ikachukua viti 58 kati ya 64. Wiki chache baadaye, Oktoba 13, aliuawa. Biroli na Ntidendereza walinyongwa hadharani Gitega Januari 1963 kwa kuhusika na mauaji hayo. Ushindi wa Septemba 1961 umebaki kipimo ambacho viongozi wote waliofuata wamepimwa nacho, na haki ni kusema kuwa wachache wamekifikia.

Mmoja aliyekikaribia ni Melchior Ndadaye wa FRODEBU. Kwao ni Murama, tarafa ya Nyabihanga, katika eneo lililokuja kuwa mkoa wa Mwaro, lakini kwa miaka kadhaa ya 1980 alifanya kazi Gitega katika ushirika wa kuweka na kukopa. Kazi ya namna hiyo humfahamisha mtu kwa wakulima kuliko mikutano mingi ya hadhara. Juni 1, 1993 alipata karibu asilimia 65 ya kura za urais na kumshinda Buyoya, na mwisho wa mwezi huohuo chama chake kikapata viti 65 kati ya 81. Aliuawa Oktoba 21 mwaka huo. Sylvestre Ntibantunganya, mwenzake aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa chama na baadaye rais wa nchi, ndiye mtoto wa mkoa wa Gitega, kutoka tarafa ya Gishubi.

Gitega, basi, imekuwa uwanja wa siasa za taifa kwa muda mrefu, na katika miaka ya karibuni imezidi kuwa hivyo. Tarafa ya Bugendana, kaskazini mwa mji huo, ni mfano mzuri. Desemba 12, 2017, Nkurunziza alizindua hapo kampeni ya kura ya maoni ya kubadili Katiba. Juni 7, 2018 alitia saini Katiba mpya hapohapo, akawashangaza wengi kwa kusema kuwa hatagombea tena. Aprili 27, 2020, chama chake kilifungua kampeni ya Ndayishimiye hapohapo tena. Mahali palichaguliwa kwa akili. Bugendana iko katikati ya nchi, watu wanaweza kufika kwa miguu na kwa malori kutoka mikoa kadhaa, na haiko Bujumbura, mji ambao CNDD-FDD haikuupenda sana baada ya maandamano ya 2015 ya kumpinga Nkurunziza. Lakini Bugendana ina kumbukumbu nyingine pia: Julai 20, 1996 watu zaidi ya 300 waliokuwa wakiishi katika kambi ya wakimbizi wa ndani waliuawa huko, na siku tano baadaye Buyoya akachukua madaraka. Jukwaa la taifa linapojengwa juu ya ardhi ya watu fulani, watu hao hubaki na hesabu zao baada ya vipaza sauti kufungashwa.

Januari 2019 Bunge liliifanya Gitega kuwa makao makuu ya kisiasa, Bujumbura ikibaki mji wa biashara. Seneti ilihamia huko. Baraza la Taifa likaendelea kukutana katika jumba la Kigobe, Bujumbura, umbali wa kilomita 100 hivi kwa barabara ya milima. Uamuzi huo ulipitishwa chini ya rais wa kutoka Ngozi, lakini aliyevuna ni mrithi wake. Ndayishimiye aliteuliwa kuwa mgombea katika mkutano mkuu wa chama uliofanyika Gitega Januari 26, 2020, akaapishwa katika uwanja wa Ingoma wa mji huohuo Juni 18, na mkutano mkuu wa Januari 2021 uliomchagua Révérien Ndikuriyo kuwa katibu mkuu mpya ulifanyika Gitega pia. Kwa kiongozi ambaye kwao ni Giheta, shughuli ya taifa na safari ya nyumbani zimekuwa barabara moja. Shida ya kugawa muda, inayowatesa viongozi wengine, kwake imemalizwa na ramani.

Muyinga ni habari nyingine. Mkoa huo wa kaskazini-mashariki, unaofikiwa kutoka Gitega kwa kupitia Karuzi, ulihesabiwa katika sensa ya 2008 kuwa na watu zaidi ya 630,000, si pungufu sana ya Gitega iliyokuwa na zaidi ya 720,000. Ulikuwa na tarafa saba: Muyinga, Gasorwe, Gashoho, Giteranyi, Butihinda, Mwakiro na Buhinyuza. Kahawa, migomba na mpaka ndiyo maisha yake. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam huingia Burundi kwa Kobero, katika Butihinda, baada ya kupita Kabanga ya Ngara. Wakimbizi wengi waliorudi kutoka kambi za Tanzania walipita njia hiyohiyo, na Gasorwe ina kambi ya wakimbizi wa Kikongo. Kiswahili husikika sokoni na katika mitaa ya Waislamu mjini. Kwa kura zake Muyinga ulikuwa mkoa wa kugombaniwa. Lakini haujatoa rais hata mmoja, na kiongozi wa taifa anapofika huko amefika ugenini.

Katika mkoa wa namna hiyo chama hakitegemei mtoto wa nyumbani aliye juu. Kinategemea mtandao wake wa chini. CNDD-FDD ina ofisi na kamati kuanzia mkoa hadi kilima, na ina jumuiya yake ya vijana, Imbonerakure, iliyoenea kila mahali na ambayo mashirika ya haki za binadamu na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameituhumu mara nyingi kuwatisha wapinzani. Kiongozi mkuu huhitaji kufika mara moja au mbili wakati wa kampeni. Siku nyingine zote kazi inafanywa na watu wanaomjua kila mwenye nyumba kwa jina. Chama kisicho na mtandao huo hulazimika kumtuma kiongozi wake mwenyewe kila mahali, naye hawezi. Hapo ndipo vyama vya upinzani huanza kushindwa, miezi mingi kabla ya sanduku la kura. Mwaka 2019, baada ya CNL, chama cha upinzani cha Agathon Rwasa, kusajiliwa, ofisi zake kadhaa mikoani zilibomolewa. Ofisi ya kilima ikibomolewa, kiongozi aliye Bujumbura hupoteza pia macho na masikio aliyokuwa nayo huko.

Kalenda ya kampeni huongeza ugumu. Mwaka 2020 ilianza Aprili 27 na kufungwa Mei 17, wiki tatu kwa mikoa 18 na tarafa 119, na siku ya kura wananchi walichagua rais, wabunge na madiwani wa tarafa kwa mkupuo. Wagombea urais walikuwa saba. Rwasa, ambaye kwao ni Kiremba mkoani Ngozi, alifungulia kampeni yake Ngozi: alianza kwao. Ilikuwa pia njia ya kuonyesha kuwa hauogopi mkoa wa Nkurunziza. CENI ilitangaza kuwa Ndayishimiye alipata asilimia 68.7 na Rwasa asilimia 24.2. Gaston Sindimwo wa UPRONA, makamu wa kwanza wa rais aliyekuwa anamaliza muda wake, hakufikisha asilimia 2, ingawa alikuwa na miaka mitano ya kujulikana nchi nzima. Jina kubwa lisilo na vilima vyake halileti kura.

Sauti iliyosikika zaidi kutoka Muyinga baada ya uchaguzi huo haikuwa ya mwanasiasa. Askofu Joachim Ntahondereye wa Jimbo Katoliki la Muyinga alikuwa rais wa Baraza la Maaskofu, na kwa niaba yao alieleza kasoro walizoona waangalizi 2,716 ambao Kanisa lilikuwa limewasambaza katika tarafa zote 119. Inafaa kutua hapo. Askofu wa mkoa wa pembezoni aliweza kusema juu ya nchi nzima kwa sababu alikuwa na mtandao unaofika kila mahali, kitu ambacho vyama vingi vilivyogombea havikuwa nacho.

Fedha nazo hueleza mengi. Nchini Kenya, tangu 2003, kuna mfuko wa maendeleo wa jimbo ambao mbunge huutumia kujitangaza: darasa likijengwa, jina lake hupakwa ukutani. Burundi haina kitu cha namna hiyo. Serikali imekuwa ikipeleka kwa kila tarafa faranga milioni 500 kwa mwaka za miradi, lakini fedha hizo hupitia utawala wa tarafa, na mbunge ni mtazamaji. Anachoweza kuleta kwao ni mkono wake mwenyewe: kushiriki kazi za pamoja za Jumamosi, kuchangia bati za shule, kuhudhuria misiba, au kufadhili mpira. Ndikuriyo, aliyekuwa rais wa Seneti kabla ya kuwa katibu mkuu wa chama, alijulikana kwao Makamba kwa timu ya Aigle Noir pengine zaidi kuliko kwa hotuba. Nkurunziza, mpenzi mkubwa wa soka, alijenga uwanja Buye. Jioni ya Juni 6, 2020, wiki chache kabla ya siku aliyotarajiwa kukabidhi madaraka, alikuwa Ngozi akitazama mchezo wa mpira wa wavu. Kwa mujibu wa tangazo la serikali aliugua usiku huo, akapelekwa hospitali ya Karuzi, na Juni 8 akafariki.

Mzigo wa fedha za uchaguzi uliwaangukia hata wasiogombea. Desemba 2017 serikali iliagiza kila kaya ichangie faranga 2,000, na mwanafunzi aliyefikia umri wa kupiga kura faranga 1,000, kwa ajili ya uchaguzi wa 2020. Uliitwa mchango wa hiari. Waliofuatwa na stakabadhi milangoni waliuelewa vingine. Na katika miaka ya karibuni uhaba wa mafuta ya magari umekuwa tatizo sugu Burundi. Msafara wa kampeni hauendi bila dizeli, na anayeipata dizeli wakati wa uhaba ni yule aliye karibu na serikali.

Kuna desturi moja ambayo wachambuzi wa siasa za Burundi wangeitazama zaidi: mahali ambapo mikutano mikuu ya maamuzi mazito hufanyika. Radjabu alivuliwa uenyekiti Februari 2007 katika mkutano ulioitishwa Ngozi, nyumbani kwa Nkurunziza. Machi 2018 viongozi wa CNDD-FDD walikutana Buye na kumpa Nkurunziza cheo cha kiongozi mkuu wa milele wa chama. Kwa wenye nguvu, kwao ni ngome: wageni hufika wakiwa wachache, na wenyeji wanapiga makofi. Lakini ngome hugeuka. Juni 2023 Wizara ya Mambo ya Ndani ilisimamisha shughuli za CNL kwa sababu ya mgogoro wa ndani. Machi 10, 2024, wakati Rwasa alikuwa nje ya nchi, mkutano mkuu ulifanyika Ngozi, mkoa wake wa asili, ukamwondoa na kumweka Nestor Girukwishaka, na serikali ikautambua. Kiongozi wa upinzani aliyejenga chama kwa miaka alikipoteza katika mkoa aliozaliwa. Sheria mpya ya uchaguzi ya mwaka huo, iliyowawekea masharti ya muda wale waliotoka katika vyama kabla ya kuruhusiwa kugombea kama watu binafsi, ikamfungia na mlango wa nyuma.

Mwaka 2025 ramani yenyewe ilibadilika. Kwa sheria ya 2023, mikoa 18 ilifanywa mitano: Bujumbura, Burunga, Butanyerera, Buhumuza na Gitega. Tarafa 119 zikawa 42. Gitega ilipanuka ikameza Karuzi, Muramvya na Mwaro. Muyinga haikubaki mkoa. Pamoja na Ruyigi na Cankuzo iliingia katika Buhumuza, na makao makuu ya mkoa yakawekwa Cankuzo, mji mdogo kuliko Muyinga. Serikali ilieleza kuwa lengo ni kupunguza gharama na kuzipa tarafa nguvu. Hilo huenda likatimia. Kwa uwakilishi, hata hivyo, matokeo yalionekana mara moja. Mkulima wa Giteranyi sasa anachagua orodha moja pamoja na watu wa upande wa pili wa mto Ruvubu, na nafasi ya jina la mtu wa kwao katika orodha hiyo inaamuliwa mbali zaidi. Maseneta, wanaochaguliwa wawili kwa kila mkoa, Mhutu mmoja na Mtutsi mmoja, kupitia madiwani wa tarafa, wamepungua kutoka 36 hadi 10, bila kuhesabu wale watatu wa Watwa.

Ngazi pekee inayobaki karibu na mtu ni baraza la kilima. Linachaguliwa bila vyama: kila mgombea husimama kwa jina lake, watano wanaoongoza kwa kura huunda baraza, na wa kwanza wao huwa chifu wa kilima. Kisheria ndipo mahali pekee ambapo mpiga kura wa Burundi humchagua jirani yake kwa uso. Wanachama wa chama tawala hugombea huko kama wengine, na hakuna kilima ambako watu hawajui nani ni wa chama gani, lakini anayeshindwa hapo hushindwa mbele ya watu anaochota nao maji.

Uchaguzi wa Juni 5, 2025 ulikuwa wa kwanza katika mikoa mipya. CENI ilitangaza kuwa CNDD-FDD ilipata asilimia 96.5 ya kura na viti vyote 100 vilivyogombewa. UPRONA, chama cha Rwagasore, ilishika nafasi ya pili kwa asilimia 1.38, chini ya kizingiti. CNL, iliyokuwa na wabunge 27 wa kuchaguliwa mwaka 2020, haikupata hata mmoja. Vyama vya upinzani vililalamikia vitisho na wizi wa kura. Mwezi mmoja na nusu baadaye chama hichohicho kilichukua viti vyote 10 vya Seneti. Uchaguzi wa rais, kwa muhula wa miaka saba ulioletwa na Katiba ya 2018, utafuata mwaka 2027. Katika Gitega na katika Buhumuza, kama ilivyo kwingine, majina ya watakaowawakilisha wananchi yanapangwa na chama kimoja, na mwenye haraka ya kujua mbunge wake wa kesho atafanya vizuri kuuliza ofisi ya chama hicho.